Kitufe cha Kijani Kilichompeleka Mama Mbele ya Sungusungu

Alhamisi, saa nne asubuhi, mama yangu alinyimwa moto.

Alikwenda kwa jirani na kipande cha bati kuomba kaa moja la kuwashia jiko. Wamepeana moto kwa miaka ishirini na minane. Jirani alimtazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Aliponipigia simu alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Levina, kuna dawa uliwauzia watu huku?"

"Mimi siuzi dawa, mama. Kazi yangu unaijua."

"Ndivyo ninavyowaambia. Hawanielewi."

"Kina nani?"

"Sungusungu. Wamenipa mpaka Jumamosi, saa sita."

Nilikuwa jikoni kwangu Chemchem, hapa Tabora mjini. Nilizima jiko, nikakaa sakafuni. 

Kwa wasiotoka kwetu, niwaeleze. Kijiji chetu kiko upande wa Nzega, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakikukuta na kosa wanaweza kukutenga. Hakuna anayekusalimia. Kisimani wakikuona wanabeba ndoo zao na kuondoka. Ukifiwa, unachimba kaburi peke yako. Mama yangu ana miaka sitini na saba na anaishi peke yake.

Na kazi yangu ni hii. Ninaandika kuhusu bidhaa za wakulima na wafugaji kwenye tovuti yangu: mizinga ya nyuki, pampu za sola, dawa za kupe. Ndani ya makala naweka linki ya duka. Ukinunua kupitia linki yangu, mwenye duka ananipa kamisheni. Sishiki bidhaa, wala sishiki pesa ya mteja.

Mama ndiye aliyenitangaza kijijini. Aliwaambia akina mama wenzake kanisani, na waume zao wakasikia: "Mkitaka dawa ya kweli ya kuogeshea ng'ombe, ingieni kwenye tovuti ya Levina wangu." Kwetu, aliyekuelekeza dukani ndiye anayeulizwa dawa ikiwa mbovu. Ndiyo maana walimwita yeye, siyo mimi.

"Imetokea nini hasa?" nilimuuliza.

"Maksai wa Samweli wamekufa. Wote wawili. Alinunua dawa kwako, ikaletwa na basi, akawaogesha. Ngozi ikatoka kama imemwagiwa maji ya moto."

Mwanzoni mwa Novemba. Mvua zimekaribia, na mtu hana ng'ombe wa kuvuta plau.

Nilifungua ripoti ya kamisheni kwenye laptop. Kijiji chetu hakikuwepo. Hakuna oda hata moja ya dawa iliyokwenda Nzega tangu Agosti.

Kwa hiyo Samweli alinunua, lakini siyo kwenye duka ninalolifahamu. Kuna mtu alikuwa anawapeleka wasomaji wangu kwingine, chini ya jina langu na picha yangu.

Nikamfikiria mtu mmoja tu.

Ezekia.

Miaka miwili nilitumia templeti, ile tovuti ambayo mtu ameshaitengeneza, wewe unabadilisha maneno na picha. Niliipata bure kwenye kundi la simu la watu wa kazi hii. Ilikuwa nzito kufunguka na ilifanana na tovuti za wenzangu hamsini. Oktoba nikamtafuta Ezekia, kijana fundi anayekaa mitaa miwili kutoka kwangu, anitengenezee ya kwangu peke yangu, kuanzia mwanzo.

"Dada Levina, templeti ni gauni la dukani," aliniambia. "Mimi nakupima, nakushonea."

"Na nikinenepa?"

"Utanilipa tena."

Tulicheka siku ile. Alhamisi hii sikucheka. Neno la siri alikuwa nalo yeye. Kila linki ilipita kwenye kazi ya mikono yake. Tovuti mpya imefunguliwa tarehe ishirini Oktoba, na sasa ni Novemba na ng'ombe wamekufa. Nilipanga mambo hayo matatu, nikaridhika kwamba yanatosha.

Nikampigia kamanda wa sungusungu, mzee Shilinde.

"Shikamoo, kamanda."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa dawa?"

"Ndiyo, ni mimi. Kamanda, mama yangu hana kosa. Mwenye kosa ninamfahamu. Anaitwa Ezekia."

Akasema taratibu, "Mlete."

Siku hiyo hiyo nilimwambia Ezekia kwamba kijijini wanahitaji mtu wa kuwafafanulia jinsi tovuti inavyofanya kazi. Sikumwambia kwamba nimeshataja jina lake.

"Kama ni kumsaidia mama, nakuja," alisema.

Jumamosi tulipanda basi la alfajiri kwenda Nzega, kisha bodaboda mbili. Njiani alinunua karanga akanigawia. Nilizishika mkononi mpaka tukafika.

Uwanja wa mkutano ni kipande cha ardhi ngumu nyuma ya ofisi ya kijiji. Wanaume wapata sabini walikuwa wamekaa chini kwa duara, fimbo zimelazwa mbele yao. Mama yangu alikaa katikati, kwenye kigoda, kitenge amekifunga mpaka kidevuni. Hakuna aliyekuwa karibu naye kwa hatua kumi kila upande.

"Mwangaluka," nilisalimia.

Hakuna aliyeitikia. Hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa mama alilala vipi zile siku mbili.

Kamanda Shilinde alinyoosha fimbo kumwonyesha Ezekia. "Ndiye huyu?"

Ezekia aligeuka akanitazama. Nilitazama chini.

"Ndiye," nilisema.

Vijana wawili wa sungusungu walisogea wakasimama nyuma yake. Mmoja alimvua mkoba begani, akauweka chini. Mwingine alikuwa anakunja kamba mkononi, bila haraka, kama mtu anayejiandaa kufunga mbuzi.

"Eleza," kamanda aliniambia. "Sisi hatujasoma mambo ya mitandao. Eleza tuone."

"Nitaonyesha kwa ushahidi," nilisema. "Baba Julieth, naomba simu yako."

Baba Julieth ni Samweli, mwenye maksai. Alinipa simu kwa ncha za vidole, hakutaka kunigusa. Nilimwomba anionyeshe alivyonunua, hatua kwa hatua. Nilitaka watu wote waone tovuti ya Ezekia inavyowapeleka kwa mwizi.

"Niliingia hapa," alisema. "Kuna picha yako unacheka. Nikabonyeza hiki cha kijani."

Kitufe cha kijani, juu kabisa ya ukurasa. Agiza Hapa.

Akakibonyeza.

Duka likafunguka. Chupa zenye nembo ya bluu, bei nzuri, namba ya simu. Sijawahi kuliona duka lile maishani mwangu. Lakini anwani yake, ile iliyoandikwa juu ya kioo, niliifahamu. Miaka miwili niliiona chini ya kila ukurasa wangu, kwa herufi ndogo. Ilikuwa ya mtu aliyetengeneza templeti.

"Ulinunua tarehe ngapi?" nilimuuliza.

Akatafuta ujumbe wa malipo. "Tarehe sita Oktoba. Dawa ilichelewa."

Tarehe sita. Tovuti ya Ezekia ilifunguliwa tarehe ishirini.

Ndugu msomaji, niliisoma tena ile tarehe.

Nilielewa yote kwa wakati mmoja. Templeti ilikuja na kitufe cha mfano, kikielekea kwenye duka la mfano la fundi wake. Mimi nilibadilisha maneno yaliyo juu ya kitufe, nikayaweka kwa Kiswahili. Anwani iliyo nyuma ya maneno sikuigusa. Fundi yule lazima aliacha kulipia anwani yake, mtu mwingine akainunua, akaona wageni wanaingia kutoka tovuti zetu zote, akafungua duka la uongo.

Na kwa nini sikuwahi kukibonyeza? Kwa sababu maduka yanayotupa kamisheni yanatukataza kubonyeza linki zetu wenyewe. Wanaita udanganyifu, wanakufungia akaunti. Kwa woga huo nikachunguza dawa, bei na wauzaji, nikapima mpaka uzito wa chupa. Kitufe changu sikukigusa miaka miwili.

"Binti," kamanda alisema, "tunasubiri."

Pale uwanjani watu waliojua kusoma kilichokuwa kwenye ile simu walikuwa wawili. Mimi, na mtu aliyesimamiwa na kamba mgongoni.

Nikinyamaza, mama anarudi nyumbani kwake leo, na kesho anapewa moto. Nikisema, dawa mbovu inakuwa imetoka kwa mtoto wake, na aliyemnadi mtoto huyo kanisani ni yeye.

Nilimtazama mama. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Ezekia, na midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, kama anaomba.

"Siyo yeye," nilisema.

"Sema kwa nguvu."

"Ezekia hana kosa. Dawa ilinunuliwa kabla hajaigusa tovuti. Kitufe kilikuwa changu, kwenye tovuti yangu ya zamani. Nilikiweka bila kukijaribu. Mama hakujua, na yeye hakujua."

Duara lote likaguna. Samweli alisimama, akaja mpaka mbele yangu. Niliona mshipa wa shingo unapiga.

"Kwa hiyo ulimleta mtoto wa watu apigwe kwa ajili yako?"

"Ndiyo," nilisema. Hakukuwa na jibu jingine lililo kweli.

Wakatuondoa, wakajadiliana. Walichukua muda wa saa moja na nusu.

Kamanda aliporudi hakukaa.

"Mama Levina aliwaelekeza watu kwa moyo safi. Arudi nyumbani kwake, asalimiwe. Samweli apewe maksai wawili wanaojua kuvuta plau, kabla mbegu haijaingia ardhini. Wewe Levina, umetengwa mpaka msimu huu upite. Ukija kumwona mama yako, mtaonana kwa macho tu, barabarani. Na polisi Nzega utakwenda leo, ukawaeleze hilo duka la uongo."

"Nimesikia, kamanda."

Watu wakaanza kumsalimia mama mmoja mmoja. Nilitaka kumkumbatia, kijana mwenye kamba akasimama kati yetu. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatekeleza tu.

Tulitoka polisi saa kumi, tukapanda basi la kurudi. Tulipokaribia Tabora, Ezekia alinigeukia. Kisha akatoa simu, akaniwekea mbele ya macho.

Ujumbe wake kwangu, tarehe kumi na saba Oktoba: "Dada, hiki kitufe cha juu kina anwani ndefu nisiyoielewa. Nikihamishe au nikitoe?"

Na jibu langu: "Kiache kama kilivyo. Watu wamekizoea."

Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Ulikuwa nao muda wote ule? Wamekusimamia na kamba?"

"Nilikuwa nao mfukoni."

"Kwa nini hukuwaonyesha?"

"Uliposhika simu ya Baba Julieth, niliona umeshajua. Nikakupa dakika tano." Akarudisha simu mfukoni. "Ya sita ningewaonyesha, na mama yako angekuwa ametengwa sasa hivi. Usidhani ningekuonea huruma."

"Mimi nilitumia ngapi?" niliuliza. "Nilisema baada ya muda gani?"

"Nne na kidogo."

Watu wengi hunitumia ujumbe kuniuliza wachukue templeti au watengenezewe tovuti yao. Jibu langu ni la mtu aliyetumia zote mbili. Templeti ina vitu alivyoviacha ndani mtu usiyemjua, na huwezi kujua ataviuza lini. Tovuti ya kutengenezewa ina makosa uliyoyaagiza mwenyewe, na fundi mzuri atayahamisha yote kwa utii, kama ulivyomwambia. Kabla hujaweka jina lako, mpe mtu mwingine simu yake, akae mbele yako, abonyeze kila kitufe mpaka mwisho. Na fundi akikuuliza swali, mjibu baada ya kuangalia.

Maksai wawili nimewapeleka Jumanne. Niliwashusha barabarani, Samweli akawapokea, akawakagua meno na kwato, akaondoka nao bila kusema neno.

Mama alikuwa ng'ambo ya barabara. Alinipungia mkono mara moja, haraka, kisha akatazama nyuma kuona kama kuna aliyemwona.