Nani Kapaka Zinki?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Jumamosi ile bandarini Hout Bay vibaya tisa vilipangwa mstari nchi kavu, dalali akivipigia debe hadi sauti ikamkauka. Zilikuwa mashua zilizotelekezwa na wenyewe. Watu walijaa tele, wachache kununua, wengi kuchungulia, na harufu ya samaki aina ya snoek wa kuchoma ilishawavuta nusu yao kwenye vibanda. Katikati ya makoti ya mvua na mabuti ya mpira alisimama mwanamke mwenye gauni la njano na viatu vya kisigino kirefu, katoka harusini Khayelitsha moja kwa moja. Huyo ndiye Babalwa Ntlabati, mpiga picha za eksirei hospitalini, miaka thelathini na mmoja, aliyechoshwa na kuhamahama kila kodi ya nyumba inapopanda.

Dalali akafika kwenye mashua ya mwisho, ya tanga, mita nane, ubavuni imeandikwa Hettie. Babalwa akainua mkono. Nyuma yake mwanamume mmoja akainua wake. Babalwa akainua tena, safari hii juu zaidi, kama mtoto anayejua jibu. Yule mwanamume akacheka, akaushusha wake.

"Dada, unajua umenunua nini?" akamuuliza.

"Nyumba."

"Nyumba! Mimi niliutaka mlingoti tu. Mengine yote nilipanga kuyatupa."

"Basi pole, kaka. Mlingoti hautoki nyumbani kwake."

Alikuwa Elroy Josephs, fundi wa mashua, mzaliwa wa Hangberg, mlimani pale pale juu ya bandari. Sweta lake la bluu lilitoboka viwiko vyote viwili, na viganja vyake vilikuwa kama msasa. Akatazama visigino vya Babalwa.

"Ukipanda na hivyo utatoboa sitaha. Vua. Halafu nipe namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Siku ukizama, nani ataniambia mlingoti uko wapi?"

Babalwa akacheka mpaka mkoba ukamdondoka begani. Namba akatoa.

Somo la kwanza la Elroy, wiki iliyofuata, halikuwa la tanga wala la kamba. Hettie ilikwishashushwa majini, ikafungwa gatini, na Elroy akamsimamisha Babalwa mbele yake.

"Bisha hodi."

"Nibishe hodi kwangu?"

"Jifunzie kwako, usije ukaaibika kwa wenzio. Gonga ubavu mara tatu, subiri uitwe. Hata kama unamwona mwenyewe anakaanga mayai, subiri. Sisi hapa hatuna geti wala ukuta, dada. Anayepanda bila kubisha ni mwizi au zimamoto."

Somo la pili lilikuwa la koki. Hettie ilikuwa na koki sita chini ya sakafu, za choo, za sinki, ya kupozea injini, kila moja imefunga tundu linalotazamana na bahari. Kwenye kila koki Elroy alifunga kwa uzi kabari ya mbao, ili koki ikivunjika tundu lizibwe papo hapo. Kisha akamfunga Babalwa macho kwa kitambaa, akamwambia azitafute moja moja kwa kupapasa.

"Kwa nini nifungwe macho?"

"Maji yakiingia, taa ndiyo hutangulia kuzimika."

"Mbona mkono wako uko kiunoni mwangu? Hiyo nayo ni koki?"

"Hiyo ni... nakushika usianguke."

"Nimekaa, Elroy. Mtu aliyekaa ataangukia wapi?"

Wengine hupendana ufukweni jua likizama. Hawa walipendana wamepiga magoti mbele ya choo cha pampu kilichoziba, wamelowa hadi viwiko, wanacheka kama wendawazimu, na busu la kwanza, jamani, sitaki hata kusema lilinukaje. Tangu siku hiyo Babalwa akawa "nahodha wangu", Elroy akawa "mlingoti", na simu zikawa hazikauki.

Simu moja haikuwa ya Elroy. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu mama yake Babalwa alipiga kutoka Khayelitsha, na salamu yake ilikuwa ile ile.

"Bado unaelea?"

"Bado, Mama."

"Mtoto wangu ana digrii, analala kwenye ndoo. Haya, kazi njema."

Lakini kulala mle hakukuwa haki yake bado. Kamati ya gati ilimpa ruhusa ya muda tu. Mwishoni mwa Septemba angepaswa kuitoa Hettie peke yake, azunguke ukuta wa bandari, arudi bila kuvutwa na mtu. Akishindwa, au kamati ikiona hajui kuitunza mashua, anahama. Na chumba chake cha kupanga alishakirudisha. Hakuwa na mahali pengine isipokuwa kochi la mama, pamoja na "nilikwambia" za ukoo mzima.

Mwezi wa nne waliipandisha Hettie nchi kavu kuipaka rangi ya chini, ile inayozuia magugu na kome. Elroy alikuwa na harusi ya kaka yake, akamwachia ndoo mbili za rangi nyekundu na brashi.

"Kila kitu kilicho chini ya mstari huu, paka."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mpenzi. Mara mbili."

Babalwa alipaka siku mbili mgongo ukimuuma, akimaliza anarudia. Akapaka mbao, akapaka vyuma, na kile kibonge cha chuma cha kijivu, kibaya kama jipu, kilichofungwa chini ya ubavu, akakipaka kwa upendo mara tatu. Elroy aliporudi, Hettie ilikuwa tayari imeshushwa majini. Akasifu mstari ulivyonyooka, wakaenda kula.

Miezi minne ikapita salama. Ikaja Alhamisi moja ya Agosti, saa sita mchana, Babalwa yuko kazini. Anti Merlene, mama wa miaka sitini anayeishi mashua ya jirani, akaona pampu ya Hettie inatema maji bila kupumzika. Akabisha mara tatu. Kimya. Akampigia Elroy. Elroy akaja mbio, akampigia Babalwa mara nane, ila simu ya Babalwa ilikuwa kabatini, maana kwenye chumba cha eksirei hairuhusiwi. Elroy hakubisha hodi. Akavunja kufuli kwa nyundo.

Babalwa alipofika saa kumi alikuta kufuli liko sitahani, sakafu imefumuliwa, nguo zake za ndani zinaelea, na Elroy yumo katikati ya maji ya magoti, anatetemeka, kiganja kinatoka damu. Kwa mkono mwingine ameshika koki iliyokatika vipande viwili. Ndani ilikuwa ya waridi na inamumunyuka kama biskuti.

"Babalwa," akasema meno yakigongana, "kile kichuma cha kijivu. Zinki. Uliipaka rangi?"

"Ndiyo. Mara tatu."

Elroy akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeogopa saa nne mfululizo, lakini Babalwa angejuaje? Alichosikia ni kile kicheko cha wajomba zake, cha wafanyakazi wenzake, cha wote waliomcheka aliponunua mashua.

"Unanicheka?"

"Hapana, mpenzi, ila nani anapaka zinki? Kila mtu anajua zinki haipakwi!"

"Mimi si kila mtu! Ulisema kila kitu, mara mbili, ukaenda kucheza harusini! Na mlango umevunja, na vitu vyangu umefumua. Si wewe uliyeniambia anayepanda bila kubisha ni mwizi?"

"Au zimamoto."

"Toka, Elroy."

"Nahodha wangu..."

"Toka kwangu!"

Akatoka, viatu mkononi. Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini mwenye hasira huwa hasikii wahenga. Simu ya Elroy ikaita siku tatu bila kupokelewa, kisha ikanyamaza. Na gatini Elroy hakuonekana tena. Babalwa akajiambia, bila shaka ana aibu yake. Usiku alilia, asubuhi akamdanganya mama kwamba ni mafua.

Septemba, kwa msaada wa Anti Merlene, akaipandisha Hettie nchi kavu kubadilisha koki. Wakapita chini ya ubavu. Rangi ilikuwa bado safi, na ile zinki ilikuwa nzima, nono, nyekundu, kama siku ilipofungwa.

"Si unaona?" Babalwa akasema. "Hii haijaharibika hata kidogo."

Anti Merlene akashusha pumzi. "Ndiyo ubaya wake, mwanangu. Maji ya chumvi lazima yale chuma. Zinki inafungwa hapo ili iliwe yenyewe, koki zipone. Kila mwaka unaikuta imeisha, unafunga nyingine. Wewe uliifunika isiliwe, basi bahari ikala koki."

Babalwa akakaa chini, pale pale kwenye matope. Akazikumbuka zile simu nane. Akakikumbuka kiganja kile chenye damu, akajua kilikuwa kimeziba tundu kabla kabari haijagongewa mahali pake. Akaona aibu ya kutosha mtaa mzima.

Hapo hapo, kule kwenye gati la wavuvi, kelele ikazuka. Mwanamume wa sweta la bluu alikuwa anapita na kreti la samaki kichwani, na wavuvi wote wanamwimbia.

"Fundi! Nani kapaka zinki?"

"Mimi!" Elroy akajibu bila kugeuka. Wakaangua kicheko.

"Anti, kwa nini anasema ni yeye? Na kwa nini anabeba samaki?"

"Kwani hujui?" Anti Merlene akashangaa. "Kamati ilitaka kukufutia ruhusa siku ile ile. Mtu asiyejua zinki, walisema, kesho atazamisha mashua gati zima lichafuke mafuta. Elroy akasimama mbele yao akasema ni yeye aliyepaka. Wakamfungia mwaka mzima asiguse mashua hapa. Nikadhani mmepatana hivyo."

Babalwa hakumpigia simu. Alijua maneno ya simu hayatoshi.

Siku ya mtihani ikafika. Kamati watu watatu, gati limejaa, upepo wa kusini-mashariki unapiga kelele kwenye milingoti. Babalwa alivaa koti la mvua la njano na suruali ya kazi, miguu mitupu. Mwenyekiti, Bwana Rossouw, mzee wa masharubu na maneno machache, akamwambia, "Haya, tuone."

"Kwanza niseme," Babalwa akasema. "Zinki nilipaka mimi. Si Elroy. Nilipaka mara tatu na nikajisifu. Mkitaka kunifuta nifuteni, lakini jina lake litoke kwenye ubao wenu wa waliofungiwa."

Bwana Rossouw akavuta sharubu.

"Unajua hilo linakugharimu nini?"

"Nyumba yangu."

"Na sasa zinki unaijua?"

"Naijua. Na koki zote naijua kila moja." Akavua kitambaa shingoni, akajifunga macho. "Njoo uone, mzee. Gonga kwanza."

Walicheka hadi wajumbe wa kamati. Bwana Rossouw akagonga mara tatu, akaitwa, akavua viatu, akashuka. Babalwa akapapasa koki sita, akazitaja, akazifunga, akazifungua, na kabari ya kila moja akaigusa. Mzee akatoka, akamwonyesha kwa kidole lango la bandari.

Akawasha injini, akatoka. Nje ya ukuta magugu ya baharini yakajizungusha kwenye panga la injini, injini ikakoroma, ikazima. Gatini watu wakashika vichwa, na mmoja akaenda kutafuta boti ya kumvuta. Babalwa alitazama mawe ya ukuta yanavyosogea, kisha akaukamata ule mlingoti alioung'ang'ania mnadani, akapandisha tanga kama Elroy alivyomfundisha, mkono kwa mkono, bila kukimbia. Hettie ikainama, ikashika upepo, ikageuka. Ikaingia langoni polepole, ikagusa gati kwa ubavu kama ng'ombe anayerudi zizini. Anti Merlene alilia waziwazi.

"Amerudi bila kuvutwa," Bwana Rossouw akasema. "Akae. Na yule fundi mwongo mwambieni arudi kazini, ila zinki asiguse bila msimamizi."

Asubuhi yake Babalwa alikuwa anakaanga mayai. Ubavu ukagongwa mara tatu. Akachungulia, akaliona lile sweta. Akageuza yai la kwanza. Akageuza la pili.

"Babalwa, unaniona!"

"Nakuona. Subiri uitwe."

"Nimesubiri wiki sita."

Babalwa akazima jiko. Machozi yalikuwa karibu, na hakutaka yatangulie. "Nisamehe, Elroy. Ulikuwa zimamoto."

"Nami nisamehe. Nilisema kila kitu, nikaondoka. Na nilicheka."

"Ingia. Viatu."

Akaingia na kifurushi cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na zinki mpya, ya kijivu, mbaya kama jipu. "Pete nitaleta," akasema, masikio yamemwiva. "Lakini hii ndiyo ya kwanza. Nataka niwe naibadilisha nawe kila mwaka, mpaka tuzeeke. Utakubali?"

"Haipakwi?"

"Haipakwi."

"Basi nakubali, mlingoti wangu," akasema, akamkumbatia na harufu yake ya samaki na yote.

Simu ikaita. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

"Bado unaelea?"

"Bado, Mama."

Elroy, kwa furaha au kwa moshi wa mayai, akakohoa.

"Nani huyo anakohoa saa hizi kwenye ndoo yangu?"

"Ni Elroy, Mama. Anataka kunioa."

"Ana wajomba wa kuja kuposa?"

"Ninao, Mama!" Elroy akaropoka.

"Basi waje Jumamosi. Na uwaambie hapa kwangu kuna geti. Wabishe hodi, wasubiri nje mpaka niwaite, hata wakiniona nakaanga mayai."