Gamba la Mti wa Tambiko

Kompyuta ya Anwari ilitakiwa kutoa rangi nne; ikatoa tano.

Anwari alikuwa mbunifu wa vitenge mjini Masasi. Miaka yote alitenganisha rangi za picha kwa mkono, kila rangi na fremu yake ya kuchapia, hadi alipotengeneza programu ya kumfanyia kazi hiyo. Picha ya kwanza aliyoilisha ilikuwa ya gamba la mti, lenye nyufa na vinundu. Gamba lenyewe, ambalo sasa lilikuwa ndani ya skana, alilibandua Newala, kwenye mti wa tambiko wa ukoo wa mkewe, Naima.

Bibi yake Naima alikuwa amemkanya. "Mjukuu wangu, piga picha, lakini usiuchune. Una mwenyewe."

"Nimesikia, bibi." Bibi alipoingia ndani, akachomoa kisu.

Sasa rangi ya tano ilikuwa nyekundu mbichi. Akaifuta. Ikarudi, pana zaidi. Mchana kweupe, chumba kikanuka damu na unga wa mtama uliochacha, na ndani ya skana kikaanza kitu kukwaruza, krrr, krrr, taratibu, kama mtu anayechuna asiye na haraka, na kila kilipokwaruza Anwari alihisi moto ukimpanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, akataka kuchomoa waya, vidole vikakataa.

"Naima," alinong'ona. "Unasikia?"

"Baba Mujibu, mkono wako!"

Ngozi ilikuwa imepasuka nyufa kama gamba. Ukanda mzima ulining'inia, ukadondoka. Naima aliuokota kwa leso, akalitoa gamba kwenye skana, wakakodi gari kwenda Newala.

Bibi hakuitikia hata shikamoo. Aliwapeleka mtini, akamwaga unga shinani. Anwari akapiga magoti, akalirudisha gamba kwenye kidonda cha mti. Likaanguka. Akalirudisha tena. Likaanguka.

Ndipo Naima akafumbua kinywa, na sauti haikuwa yake.

"Hilo limekufa. Alinichuna huku anajua. Nataka bichi."

"Mpe," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Mpe, mjukuu wangu, kabla hajachagua la mwanao."

Anwari akafungua leso, akaibandika ngozi yake mwenyewe pale palipokuwa na kidonda. Ikanata. Ikapwita. Naima akaanguka, akazinduka akiomba maji.

Mkono ulipona. Lakini kiangazi kilipoingia, mbuzi wa jirani alikata kamba kule Newala, akautafuna mti ule. Masasi, Anwari aliruka kitini akipiga mayowe, na mkononi mwake damu ilikuwa ikichuruzika kwenye alama za meno.