Nusu Aliyoibeba Chiriku

"Hivi wewe Kisoda, huyo shangazi yako huwa anacheka lini?"

Jirani yao, mshonaji wa nguo, aliuliza swali hilo siku moja huku akimpima Kisoda sare ya shule, pini akiwa amezibana mdomoni. Kisoda alifikiri kidogo, kisha akajibu, "Anacheka kwa ndani, mama. Nje kuna vumbi." Mshonaji nusura ameze pini kwa kicheko.

Kisoda alikuwa msichana wa darasa la sita, mfupi, mwenye uso wa mviringo kama kizibo cha soda, ndiyo maana akabandikwa jina hilo. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alifanya kazi mji wa mbali, naye akakaa na shangazi yake, fundi viatu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Cha nyuma walilala, cha mbele kilikuwa karakana.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kisoda alifagia vipande vya ngozi, akapitisha sumaku sakafuni kuokota misumari iliyoanguka, isije ikamchoma mtu mguu. Kisha aliondoka kwenda shule na rafiki yake, binti wa yule mshonaji. Huyo watu walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake, kama wa ndege huyo, haukujua kutua. Jioni Kisoda aliketi kwenye kigoda kando ya shangazi, akapaka gundi, akashona mishono midogo aliyoruhusiwa.

Mshono ukienda upande, shangazi hakugomba. Alisema neno moja tu, "Fumua."

"Lakini shangazi, hapa ni chini ya soli. Hakuna atakayeona."

"Mungu ameona, na mimi nimeona. Tumeshakuwa wawili. Fumua."

Kisoda alifumua huku amenuna. Hata hivyo, wateja walipokuja kuchukua viatu na kuvigeuza huku na huku wakitafuta kasoro wasiione, kifua kilimjaa fahari.

Siku moja mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno moja, "hard."

"Nani analijua?"

"Gumu!" darasa zima likaitika.

"Haya. 'Hard stone'?"

"Jiwe gumu!"

"Na 'hard worker'?"

Mvulana wa dawati la mbele akaruka, "Mfanyakazi mgumu!"

Mwalimu akacheka. "Mfanyakazi mgumu ni yule ambaye hata chai hawezi kukununulia! 'Hard worker' ni mchapakazi, mtu anayejituma. Na 'hard question' ni swali linaloumiza kichwa. Mnaona? Neno lile lile, lakini kila likibadilisha jirani, nalo linabadilika. Msikariri neno peke yake. Liulizeni kwanza, umefuatana na nani? Kesho kila mmoja aje na 'hard' yake kutoka nyumbani, atueleze."

Njiani Kisoda alimwambia Chiriku, "Mimi yangu ninayo tayari. Shangazi yangu ni 'hard.'"

Chiriku akapasuka kwa kicheko mpaka akashika ukuta. "Kumbe na wewe unaliona!"

"Ngoja nimalize! Unajua nyuma ya kiatu, pale penye kisigino? Kati ya ngozi ya nje na bitana ya ndani kunafichwa kipande kigumu. Ukikibonyeza kinakuumiza kidole. Lakini kikikosekana, kiatu kinalala siku ya kwanza tu, mtu anakikanyaga nyuma mpaka kinakuwa kandambili. Shangazi yangu ndiye kile kipande. Bila yeye mimi ningekuwa nimeshalala zamani."

"Wewe nawe!" alisema Chiriku. "Unampenda mtu mpaka kwa mfano wa kiatu."

Kesho yake darasani Kisoda aliona haya kumtaja shangazi mbele ya watu. Alieleza habari za maji ya kisima yasiyotoa povu la sabuni, ambayo nayo Kiingereza huyaita "hard," akakaa. Ule mfano wa kiatu ukabaki kati yake na Chiriku.

Wiki iliyofuata, nyumba ilibadilika hewa. Shangazi alijibu salamu, aliandaa chakula, alifanya kila kitu kama kawaida, lakini macho yake hayakukaa tena juu ya Kisoda. Jioni moja Kisoda alishona mkanda wa kandambili, na mshono ukaenda upande kama mkia wa mjusi. Akausogeza mbele ya shangazi, akashika kisu kidogo tayari kwa kufumua.

Shangazi akautazama. "Acha tu," akasema. "Inatosha."

Kisoda alihisi kama amepigwa kofi. Afadhali angeambiwa afumue mara kumi.

Siku mbili baadaye, shangazi alisema huku akikata uzi kwa meno, "Nimempelekea bibi yako salamu. Shule zikifungwa utakwenda kukaa kwake."

"Likizo yote, shangazi?"

"Moja kwa moja. Utasoma huko huko. Huko hakuna mtu mgumu wa kukuonea."

 Kisoda alimpenda bibi yake, lakini hapa ndipo palipokuwa na shule yake, na kigoda chake, na kazi aliyotaka kuijua mpaka mwisho. Na lile neno "mgumu," limetoka wapi? Wazo kwamba huenda ni Chiriku lilimpitia kichwani, lakini alilifukuza upesi. Aliona aibu kumdhania vibaya rafiki aliyekua naye tangu wanatambaa.

Tena ni kwa Chiriku huyo huyo alikokimbilia. Walikaa kwenye ngazi za shule, akalia. Chiriku akavuta mkono wa sweta lake, akamfuta machozi.

"Pole, mwaya. Watu wazima ndivyo walivyo, leo jua, kesho mvua. Labda wateja wamepungua. Usiogope, hata ukienda nitakukumbuka kila siku."

"Nimemkosea nini, Chiriku?"

"Hata sijui," alisema Chiriku, akamkumbatia.

Ijumaa baada ya masomo, shangazi alimtuma Kisoda ampelekee mshonaji viatu vyake vilivyokuwa vimetiwa soli mpya. Chiriku hakuwapo, alikuwa amekwenda bombani. Mshonaji alivijaribu, akatembea hatua chache, akaridhika.

"Haya niambie, mmeshapatana na shangazi yako?"

"Kwani tuligombana, mama?"

"Si yale maneno yako ya Kizungu!" Mshonaji alicheka, kisha akaona uso wa mtoto, kicheko kikamkauka. "Hukuambiwa? Siku ile nilimtuma Chiriku na viatu hivi, nikamwambia asirudi bila kuwa navyo. Shangazi yako akamwambia asubiri zamu kama wengine. Binti yangu naye, unamjua, ulimi hauna mfupa. Akamwambia, 'Ndiyo maana hata Kisoda anasema wewe ni hard, mgumu kama jiwe.' Alipokuja kunisimulia nilimgombeza, mwanangu. Nikamtuma akaombe radhi. Aliniambia ameomba."

 Kisoda aliaga kwa adabu, akatoka, na miguu ikampeleka bombani bila yeye kuiambia. Njia nzima alikuwa akiliona lile sweta. Alikuwa amelia mbele ya Chiriku, akafutwa machozi na kukumbatiwa, kumbe mkono uliomfuta ndio ule ule uliomsukuma. Alikuwa amesikia mara nyingi kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa hajajua kuwa huuma hivyo.

Chiriku alikuwa akijaza ndoo. Alipomwona, alijua. Akafunga bomba.

"Kwani nimesema uongo?" akaanza yeye. "Hukusema kuwa ni 'hard'? Hukusema?"

"Nilisema. Na yale mengine uliyaweka wapi?"

"Nilikuwa na hasira, Kisoda. Alinisema mbele ya wateja, wakanicheka. Likanitoka tu."

"Likakutoka siku moja. Na siku zote hizi? Nilikuuliza nimemkosea nini. Ukaniambia hujui."

Chiriku aliangalia ndoo. Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti. "Sikiliza. Nenda ukakane. Sema hukusema kabisa. Nami nitasema nilisikia vibaya, njiani kulikuwa na kelele. Yataisha leo leo, hutakwenda kwa bibi, na mama hataninyoosha."

Uongo huo ulikuwa rahisi, na Kisoda aliutamani. Alijiona tayari yuko kwenye kigoda chake, mambo yamekwisha. Lakini alijua pia kuwa kila atakapomtazama shangazi usoni, atamtazama kwa uongo.

"Nilisema, Chiriku. Siwezi kukana. Njoo wewe ukaseme yale mengine."

"Mama ataniua!" Chiriku alijitwika ndoo, akaenda zake, maji yakimmwagikia begani.

Kisoda akarudi nyumbani peke yake. Shangazi alikuwa akigonga misumari kwenye kisigino cha buti.

"Shangazi, nilisema. Neno 'hard' ni langu, nililisema kwa mdomo wangu."

Nyundo ikasimama hewani. "Afadhali umekiri," shangazi alisema polepole. "Mimi ni jiwe, sivyo?"

"Jiwe sikusema. Nilisema wewe ni kile kipande kigumu cha nyuma ya kiatu. Nilisema bila wewe ningekuwa nimeshalala."

Shangazi aliiweka nyundo chini. Sauti yake ilibaki kavu. "Maneno mazuri. Yamezaliwa leo, baada ya kukamatwa?"

"Yamezaliwa siku ile ile. Chiriku aliyasikia yote."

 Shangazi alivua aproni, akatoka mpaka kizingitini, akamwita mshonaji na binti yake.

Wakaja. Mshonaji alikuwa amemshika Chiriku mkono kama anayeogopa ataruka. Watu wanne katika chumba kile kilichojaa viatu, pa kugeukia hapakuwapo.

"Mwanangu," shangazi alimwambia Chiriku, bila ukali, "sikuulizi mwenzako alisema neno gani. Hilo uliniletea. Nakuuliza, lilifuatana na nini?"

Chiriku akatazama sakafu. Akamtazama mama yake. Akamtazama Kisoda, na Kisoda hakumwepuka.

"Sema," mama yake alisema. "Leo ndipo unakosa maneno?"

Chiriku akaanza kwa sauti ndogo. Alikuwa na kichwa kinachoshika kila anachosikia, na alisema yote bila kuruka kitu, habari za kisigino, bitana, kidole kinachoumia na kiatu kinachogeuka kandambili. Alipofika penye "bila yeye mimi ningekuwa nimeshalala zamani," sauti ikakatika, akaanza kulia. Akasema pia kwamba radhi hakuja kuomba, alimdanganya mama yake.

Shangazi alikaa chini kwenye kigoda cha Kisoda. Alitazama mikono yake, ile mikono yenye gundi iliyokauka kwenye kucha.

"Nisikilizeni nyote wawili," alisema. "Mwalimu wenu, kama Kisoda alivyonisimulia siku ile, amewafundisha kuwa neno la Kizungu huulizwa limefuatana na nani. Na la kwetu ni hivyo hivyo, watoto wangu. Ukimpelekea mtu neno, mpelekee pamoja na wenzake wote lililotoka nao. Ukiwaacha wengine njiani, kila ulichosema kinaweza kuwa kweli, na bado mbele ya Mungu ukawa mwongo. Chiriku, hukubuni kitu. Ulichukua nusu tu. Na nusu hiyo ilitosha kumtoa mtoto nyumbani kwangu."

Kisha akamgeukia Kisoda. "Na mimi nina langu. Nililetewa nusu, nikaipokea kama nzima. Nilikaa nawe, nikala nawe, na sikukuuliza. Mtu mzima hahukumu kabla ya kuuliza. Nisamehe, mwanangu. Bibi yako nitamwambia mwenyewe kuwa nilikosea. Huendi popote."

 Kisoda alimwinamia shangazi, akaweka kichwa begani pake, kwenye harufu ya nta na ngozi, na machozi yaliyokuwa yamezuiwa tangu mchana yakapata njia.

Mshonaji alimwomba shangazi radhi kwa malezi yake, akasema viatu vya nyumba yake vitasubiri zamu hata kama ni mwaka mzima. Akamsukuma binti yake kidogo mgongoni.

"Nisamehe, shangazi," Chiriku alisema. "Nisamehe, Kisoda." Alijipangusa pua. "Kesho kuna masomo ya ziada. Nikupitie twende pamoja?"

Kisoda alimtazama shangazi. Shangazi hakumsaidia. Jibu hilo lilikuwa la Kisoda mwenyewe.

"Nimekusamehe," Kisoda alisema, "na nasema hivyo kwa moyo wangu. Lakini ulinifuta machozi huku ukijua yametoka wapi. Hilo bado linaniuma, na sitaki kukudanganya kuwa limekwisha. Kesho nitakwenda peke yangu."

 Chiriku alitafuta viatu vyake mlangoni, akavivaa, akatoka bila kusema neno jingine.