Kupumua kwa Zamu

Jioni ile Kirie Tobari alikuwa na shughuli moja tu: apeleke amplifaya kwa shemeji yake, aiunge, ale wali wa dada yake, arudi Takasaki akalale. Basi. Mvua za mwezi wa sita zilikuwa zimeinyeshea Kiryu, mji wa shemeji, wiki nzima, kuta zimeota ukungu wa kijani na viatu vinavunda mlangoni. Amplifaya alikuwa ameizungushia blanketi, akaikalisha kiti cha mbele cha gari na kuifunga mkanda. Aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na alijua hajawahi kujenga nzuri kuliko hiyo.

Lakini moyo wake ulikuwa kwa dada. Fusae alikuwa anakohoa tangu majira ya baridi. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakasema mapafu ni safi. Safi! Na mtu anakonda mpaka pete inamtoka kidoleni akiosha vyombo.

Harufu ilimpokea kabla ya mwenye nyumba.

Ilikuwa palepale mlangoni. Harufu ya bomba la jikoni lililoziba, na chini yake kitu kingine, kitamukitamu, kama meno ya bandia yaliyosahauliwa kwenye glasi ya maji. Kirie akaziba pua kwa mkono wa blauzi.

"Karibu, karibu, fundi wetu!" Bwana Nagumo akatokea anachekelea. Maisha yake yote alifuma hariri, akastaafu, na tangu astaafu akili yake yote iko kwenye spika. "Mtoto umekuja naye?" Akaitolea macho amplifaya.

"Shemeji, nyumba yako inanuka."

"Mvua hizi. Kila nyumba inanuka."

"Yangu hainuki hivi."

"Wewe huna mume, nani akunukishie?" Akacheka peke yake, akaupokea mzigo.

Kirie akaingia kumsalimia dada yake kwanza. Fusae alikuwa amelala chumba cha pili, nyuma ya mlango wa karatasi wa kusukuma. Kifua kilipanda kwa shida, kikashuka kwa shida. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

"Umeleta mashine nyingine," akanong'ona.

"Nzuri hiyo, dada. Ndogo, haina kelele."

"Usiiondoe ile kubwa." Akamkamata kifundo cha mkono. "Mbaya ile, inachosha masikio... lakini inaishika."

"Inashika nini?"

"Ikizimwa tu, mdogo wangu... napumua kwa zamu."

Kirie akadhani ni homa inayosema. Akamfuta jasho, akamwambia apumzike. Naye alikuwa fundi aliyekaa siku nyingi na kazi yake mezani. Hamu ya kuisikia ilikuwa inamwasha. Mimi simlaumu, ingawa ningetamani angemsikiliza mgonjwa.

Chumba kikubwa kilikuwa cha mitambo ya kufumia. Mitambo ilikwishauzwa. Ukutani palikuwa na baragumu la spika, la zege, mdomo wake mpana kuliko mlango, mweusi, unarudi ndani ukipungua na kupinda, ukishuka chini ya sakafu hadi kwenye koo. Kooni ndipo ilipokaa spika yenyewe, koni ya karatasi iliyoziba njia. Mdomo na koo ni maneno ya mafundi wenyewe, sikuyabuni. Nagumo alilijenga baragumu hilo majira ya baridi kwa koleo na toroli, na kwa zile simulizi zake za mfululizo kwa kila aliyepita barabarani.

Spika yenye baragumu namna ile haina haja ya nguvu. Wati moja inaijaza nyumba. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo balaa yake, kwa sababu kila uchafu wa amplifaya unatoka umekuzwa. Ile transista kubwa ya Nagumo, amplifaya yake ya zamani ya wati mia na ushee, ilikuwa inafanya "sssss" mfululizo hata santuri isipowekwa.

"Tangu Januari nakaangiwa samaki nisiyemla," Nagumo akasema. "Leo nataka kimya."

"Wati tatu tu hii, shemeji. Taa za kioo badala ya transista, na hairudishi sauti nyuma kuisahihisha. Inaiachia koni ijiendee yenyewe."

"Ndivyo nipendavyo. Ile nyingine inaibana kama askari."

Akaizima transista. Kirie akachomoa nyaya, akazifunga kwenye amplifaya yake. Taa za kioo zikapata joto, zikawa za rangi ya chungwa.

Wakasikiliza.

Hakuna ssss. Hakuna mngurumo. Kimya cha kunawa uso. Nagumo akafumba macho, machozi ya furaha yakamlengalenga.

Kisha...

"Hhhhhhh."

Polepole. Kutoka ndani sana. Halafu sauti ndogo ya majimaji, ya ulimi ukibanduka kwenye kaakaa.

"Mngurumo wa umeme huo," Nagumo akasema haraka.

"Ngoja." Kirie akachomoa waya wa santuri. Sauti iko palepale. Akaunga waya wa ardhi upya, akageuza plagi, akashika taa moja baada ya nyingine kwa kitambaa. Kila fundi wa amplifaya za taa ameshinda usiku na mchana akiwinda mngurumo; alifanya yote anayoyajua, na yote hayakusaidia. Kila alipotuliza kitu, ile sauti ilisikika wazi zaidi.

"Hhhhhhh... nyap."

Akapiga magoti, akaingiza mkono mdomoni mwa baragumu. Hewa ilikuwa ya moto. Ikamlamba mkono ikitoka, ikauvuta ikirudi. Alipoutoa, vidole vilikuwa vimejaa ute, ute mzito unaovutika, kama wa konokono. Akaunusa kabla hajajizuia.

Ilikuwa harufu ya mdomo. Mdomo wa mtu ambaye hajawahi kuufumbua.

"Akhh! Shemeji, huu si mngurumo! Nyuma ya koni kuna nini?"

"Boksi. Kila spika ina boksi nyuma."

"Boksi la nini?"

Nagumo akaangalia pembeni. "Kulikuwa na kisima. Cha zamani, kimefukiwa tangu enzi za babu. Mawe mazuri, mviringo, magumu kuliko zege. Nikachota udongo wa juu nikapata nafasi, nani atapata boksi kama lile? Bure!"

"Na mwanzi?"

Nagumo akaanza kulikunja blanketi la amplifaya.

Kila mtu aliyekulia sehemu zile anajua. Kisima kikifukiwa, kinachomekwa mwanzi mtupu ambao kichwa chake kinabaki juu ya ardhi, ili kilichomo ndani kiendelee kupumua. Watu hawaulizi ni nini kilichomo.

"Shemeji, mwanzi uko wapi?"

"Niliung'oa! Ulikuwa unavujisha hewa, Kirie! Boksi likivuja besi inakuwa ovyo, wewe mwenyewe unajua. Nikaliziba tundu kwa lami."

"Mjinga wewe! Umekiziba pua, ukakipa spika ipumulie!"

"Hhhhhhh," likasema baragumu, na safari hii likavuta. Pazia la dirisha likaelea kuelekea ukutani.

Nyuma ya mlango wa karatasi, kikohozi cha Fusae kikakatika.

Baragumu likatoa. Fusae akahema.

Likavuta. Fusae akanyamaza.

Kwa zamu.

Kirie akapoteza akili. Akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: akazirukia zile nyaya mbili, akazing'oa kwenye amplifaya kwa nguvu.

Lo!

Kule chini koni ikapiga mbele na nyuma kama mlango uliofunguliwa komeo kwenye upepo. Baragumu likacheua. Cheuo refu, lenye mapovu, na nyuma yake likaja tope jeusi likimwagika juu ya ukingo wa zege, limechanganyika na nywele, nywele ndefu za watu zilizoshikana kama uzi wa kufumia, na vijitu vyeupe vilaini ambavyo Kirie hakutaka kuvijua. Nagumo akatapika juu ya mikeka yake. Ule uvundo uliwaingia machoni.

"Fusae!" Nagumo akalia. "Mama! Mama, amka!"

Akausukuma mlango wa karatasi. Midomo ya Fusae ilikuwa ya zambarau. Kifua kimebonyea, hakipandi.

"Inaishika," alikuwa amesema yule mgonjwa. Hapo ndipo Kirie alipoelewa, na akajichukia kwa kuelewa akiwa amechelewa. Amplifaya yenye nguvu huibana koni, haiiachi isogee isipoamriwa. Ndogo kama yake huilegezea, na ulegevu huo ndio utamu ambao wateja wanaulipia. Nyaya zisizoungwa kokote haziizuii hata kidogo. Ile transista mbaya ilikuwa mkono juu ya mlango. Yeye amekuja na blanketi na mkanda, akauondoa.

Na kila aliyewahi kusafirisha spika anajua kinachofanywa ili koni isitikisike njiani. Unazisokota nyaya zake mbili pamoja. Inakakamaa.

Akatambaa. Magoti yakateleza kwenye lile tope la vuguvugu, nywele zikamnasa vidole. Akazishika ncha za shaba, moja, na ya pili, huku uso wake uko mbele ya ule mdomo.

"Hhhhhhhhh..." Likamtolea usoni. Akaonja. Mpaka leo anasema alionja.

Akazisokota.

Kimya.

Katikati ya pumzi, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Na kule chumbani Fusae akavuta hewa. Aliivuta kwa kelele, ndefu, akainuka kitandani kama aliyeibuka majini, akaivuta yote, hewa yote iliyokuwa imejaa nyumbani mle. Nagumo akamkumbatia akilia. Kirie akakaa kwenye tope akicheka na kulia, mikono yake ikinuka kitu ambacho sabuni saba hazikukitoa.

Kuhani akaja, akamwaga chumvi na pombe ya mchele, akasoma maneno yake. Mwanzi mpya ukachomekwa bustanini hadi ndani ya kisima. Nyaya zikafungwa utepe mweusi, zikaachwa zimesokotwa, na baragumu likazibwa kwa mbao. Nagumo akanunua vijispika vya kuweka rafuni, akaapa hataki tena kusikia neno besi.

Fusae akapona. Kikohozi kilikwisha kabisa, akanenepa.

Majani yalipoanza kuwa mekundu Kirie akaenda kula nao. Nagumo alikuwa mlangoni, amejaa tabasamu. "Njoo umwone dada yako! Anakula kunizidi!"

Kweli alikuwa anakula. Uso mbele ya bakuli, mdomo wazi, kila tonge linasikika linavyogeuzwa. Nyap. Nyap. Kati ya matonge alishusha pumzi ndefu, na Kirie akaisikia ngozi ya mgongo wake ikisisimka.

"Hhhhhhh."

"Dada, umeanza kula kwa kelele," akasema, akijaribu kutania.

"Nilikuwa na njaa siku nyingi," Fusae akajibu. Harufu ikafika mezani. Tamu tamu.

"Nanusa bomba tu hapa," Nagumo akasema. "Nitaita fundi."

Kirie akasema anakwenda kupunga upepo. Jua lilikuwa linazama. Akainama bustanini, akaweka sikio juu ya mwanzi. Akangoja. Akalowesha kidole, akakiweka kwenye tundu. Hakuna upepo hata kidogo. Mle chini hamkuwa na kitu kinachopumua.

Akakumbuka ni wakati gani alizisokota nyaya. Kilikuwa kinatoa pumzi, hakikuwa kinavuta. Na nani aliyevuta baada yake?

Akachukua koleo lake dogo la waya garini. Akaingilia dirishani mwa chumba cha mitambo, akazifikia zile nyaya, akabandua utepe. Msokoto mmoja tu kuufungua, koni ingelegea, na kile kitu kingerudi kisimani kwake. Koleo lilikuwa tayari juu ya shaba.

"Mdogo wangu."

Fusae alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la supu mikononi, mvuke unampanda usoni.

"Ukifungua nitaondoka nacho," akanong'ona. Safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya utotoni, ya kumwimbia Kirie alale. "Tunatumia pumzi moja. Haitoshi wawili wakiachana... Kirie, naogopa."

Kisha kifua chake kikapanda, na macho yake yakawa na majimaji mengi mno.

"Hhhhhhh. Njoo unywe. Inapoa."

Kirie akaliangalia koleo. Akamwangalia dada yake, mashavu yamejaa, pete imekaza kidoleni. Akazirudishia nyaya utepe wake, akaubana vizuri kwa gumba.

Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Supu ya miso, na chini yake tope laini limetulia, na unywele mmoja mrefu umezunguka ukingoni. Fusae akasimama karibu sana, akimtazama midomo.

"Yote," akasema.

Naye akanywa yote.