Kurasa Kumi na Mbili za Bibi Kazija

Kila alasiri, akisharudi chuo cha Kurani, Khawla alikuwa na kazi moja asiyoikosa: kumtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Bibi Kazija alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile za maua ya vitundu vilivyozungushiwa uzi, akikaa na Khawla mtaa wa Mkunazini, juu ya ngazi zenye mwinuko mkali. Macho yake yalishaingia ukungu. Vitundu vya kofia alivijua kwa vidole, lakini tundu ya sindano ilimshinda. Khawla alimtungia sindano saba, akazichomeka kwenye kimto chekundu, na Bibi akamwambia, "Ahsante, mke mwenzangu," kwa utani wao wa kila siku. Dirishani palikuwa na kopo la maziwa la kuwekea fedha za miwani ya Bibi, nalo lilikaribia kujaa.

Mwezi wa Juni ulipofika, Bibi alitakiwa kupeleka ritani ya kodi, yaani hesabu ya mapato ya mwaka uliopita, kuanzia Januari mpaka Disemba. Mama mdogo Faiza aliwaletea kompyuta yenye programu ya kazi hiyo: inauliza, unajibu, yenyewe inajumlisha na kukokotoa kodi. Khawla, aliyekuwa darasa la sita na amejifunza kompyuta skuli, aliomba aijaze yeye. Mama mdogo alisitasita, akasema ritani si mchezo wa rede. Bibi akamjibu kuwa vidole vinavyotunga sindano saba havitashindwa na vitufe.

Bibi aliandika mauzo yake kwenye daftari, kila mwezi ukurasa wake: kofia alizouza, bei ya kitambaa na uzi, na tarehe pembeni. Khawla alilifungua daftari ambalo Bibi alilimaliza karibuni, akakuta kurasa kumi na mbili zimejaa. Programu nayo iliuliza miezi kumi na miwili. Chini uwanjani wenzake walikuwa wakimwita. Basi ukurasa wa kwanza akautia Januari, wa pili Februari, akaenda hivyo mpaka Disemba, bila kusoma kilichoandikwa juu ya kurasa. Kodi ikatoka ndogo. Akabonyeza "Wasilisha", akashuka ngazi mbio.

Kesho yake, wakati anatunga uzi, Bibi alimwambia kuwa ile hoteli ya Kendwa inataka kofia tena, kama mwaka jana. Khawla akakumbuka safari ile. Walikwenda sikukuu ya Mapinduzi, yeye amepakata boksi la kofia arobaini, na huko akapewa sharubati ya ukwaju yenye barafu. Mapinduzi ni Januari. Lakini Januari aliyoijaza ilikuwa na kofia mbili tu.

Akaliendea daftari. Juu ya ukurasa wa kwanza Bibi alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa: Mfunguo Mosi. Huo ndio mwezi unaofuata Ramadhani, Idi imeshapita, watu wameshavaa kofia zao mpya na hakuna mnunuzi. Bibi, kama wazee wengi, alihesabu mwaka wake kwa mwezi mwandamo, na kila Idi alifungua daftari jipya. Mwaka jana Idi iliangukia mwisho wa Machi. Miezi ya Januari, Februari na Machi yote ilikuwa ndani ya daftari la zamani, kwenye sanduku, na kurasa za mwisho za daftari hili zilikuwa za mwaka huu.

Akalitoa lile la zamani. Ukurasa wa Rajabu, ulioangukia Januari: kofia arobaini, Kendwa. Alipopiga hesabu, aliona kodi ya kweli itakula zaidi ya nusu ya fedha zilizomo koponi.

Hakuna aliyejua. Programu ilishapokea, na Bibi hawezi kusoma kiooni. Siku mbili Khawla alitunga sindano kimya kimya, bila utani. Siku ya tatu Bibi akaishika mikono yake, akamuuliza ni mwiba gani uliomkwama kooni.

"Bibi, nimepeleka ritani isiyo kweli," alisema Khawla, machozi yakimtoka. "Kofia za Kendwa hazimo. Na nikizitia, pesa za miwani zitakwenda."

"Umejua lini?"

"Juzi."

"Na mbona ukanyamaza?"

"Nlitaka uone, Bibi."

Bibi Kazija akachukua kofia aliyokuwa akiishona, akapitisha kidole cha Khawla kwenye mshipi wa kofia, ile sehemu inayozunguka kichwa, ua baada ya ua, mpaka mzunguko ukafungika.

"Nikikosea hesabu ya kiua kimoja, mwisho maua hayakutani," alisema. "Naweza kulificha kosa kwa pindo, mvaaji asijue. Lakini mimi ntajua kila nikimwona njiani. Kwa hiyo nafumua. Hebu lete hiyo kompyuta, tufumue."

Mama mdogo alikuja, akawaonyesha mahali pa kurekebisha ritani, akasema muda haujapita, hapatakuwa na faini. Wakaangika ukutani kalenda yenye tarehe mbili, ya mwezi mwandamo na ya Januari mpaka Disemba. Bibi alizisoma herufi zake kubwa, akataja tarehe moja moja, Khawla akaitafuta kwenye kalenda, akaijaza mahali pake. Iliwachukua mpaka adhana ya Magharibi. Safari hii Khawla alisoma kila mstari kabla ya kubonyeza.

Kodi ilipolipwa, kopo likabaki jepesi. Khawla alilitazama, akainamisha kichwa.

"Inua uso," Bibi akamwambia. "Miwani itatoka kwenye kofia mpya za Kendwa. Kukosea si aibu, mjukuu wangu, kila mwenye kazi hukosea. Aibu ni kulijua kosa ukalipigia pindo. Na kazi ya watu isome kwanza, ndipo uikimbize."

Khawla alichukua kalamu, akaandika daftarini, pembeni ya kila tarehe ya mwezi mwandamo, tarehe yake ya Januari mpaka Disemba. Halafu akavuta kimto chekundu, akatunga sindano nane.

"Mbona nane leo?" Bibi aliuliza, akizipapasa.

"Kofia za Kendwa ni nyingi, mke mwenzangu. Hii moja ni yangu, nifundishe kushona."