Kisahani cha Saba

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye maabara alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alinawa mikono hadi viwikoni, akavaa koti jeupe lililomfika miguuni, kisha akaketi karibu na kabati la joto.

Ndani ya kabati mlikuwa na visahani kumi na viwili vyenye vifuniko. Shangazi alikuwa amechukua misuli michanga ya vifaranga ambao bado walikuwa wakiumbwa ndani ya mayai, akaitenganisha seli mojamoja na kuzilea humo. Alitaka kujua misuli hujijenga vipi, ili siku moja madaktari waweze kuwasaidia watoto ambao misuli yao hudhoofika.

Kwa hadubini Chiriku aliona mengi. Siku ya kwanza kila seli ilikuwa peke yake, nyembamba, imechongoka ncha zote mbili. Zikaongezeka. Siku ya tatu zikajipanga bega kwa bega, na zilipogusana zikaungana, zikawa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi.

"Sasa zitafanya nini, shangazi?"

"Zikikomaa zitaanza kujikaza na kulegea zenyewe, kama msuli wa mkono wako. Labda Ijumaa. Wewe subiri tu, na usifungue kifuniko chochote. Mikono yetu na pumzi zetu zina vijidudu."

Jumatano, shangazi aliitwa chumba cha pili. Subira ikamwisha Chiriku. Alitoa kisahani cha saba, akainua kifuniko, akakodoa macho. Hakuona kitu. Huenda zimelala, aliwaza, akachovya ncha ya kidole ili aziamshe. Aliposikia hatua za shangazi alikirudisha haraka.

Kesho yake, kisahani cha saba kilikuwa kimechafuka kama maji yaliyooshewa mchele. Shangazi alikitazama kwa muda mrefu, kisha akamwita fundi aliyetayarisha chakula cha seli. Fundi huyo walimwita Chujio kwa kuwa alichuja kila kitu, hata maji yake ya kunywa.

"Miaka kumi na tisa sijawahi kuharibu chupa hata moja," alisema Chujio polepole.

"Najua, kaka. Lakini visahani vyote vililishwa kwa chupa hiyo moja ya chakula. Kama ina vijidudu, hata hivi vinavyoonekana safi haviaminiki. Itabidi tuvimwage vyote."

Chujio alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Chiriku alimwona. Akisema, huenda asikanyage tena maabara. Akinyamaza, kazi ya wiki nzima itamwagwa na mtu asiye na kosa atabeba lawama. Shangazi alikuwa tayari ameshika dawa ya kuulia vijidudu.

"Shangazi, usimwage. Chupa ya mjomba Chujio haina kosa. Ni mimi. Nilifungua cha saba, nikatia kidole."

Shangazi aliweka dawa chini, akachukua tone kutoka kwenye chupa, akalipima kwa hadubini. Lilikuwa safi. Kisha akavikagua visahani vingine kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa salama. Kisahani cha saba peke yake ndicho kilichomwagwa, na Chiriku aliambiwa akitazame kikimwagwa. Alilia. Tangu siku hiyo hadi mwisho wa mwezi kazi yake ingekuwa kuosha vyombo, mbali na kabati.

Ijumaa alikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu, aliposikia shangazi akivuta pumzi kwa mshangao mbele ya hadubini.

"Mwache naye aone," alisema Chujio. "Bila yeye tungekuwa tumevimwaga visahani vyote."

Chiriku alikausha mikono akainama kwenye hadubini. Uzi mmoja ulijikaza, ukalegea, ukajikaza tena. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikosa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," shangazi alisema, akimwekea mkono begani. "Jana ulisema kweli mapema, ndiyo maana kumi na kimoja vinaishi. Kosa lililosemwa hupoteza kisahani kimoja, mwanangu. Lililofichwa hupoteza vyote."

Chiriku aliutazama ule uzi mara moja tena. Kisha akarudi kwenye sinki, kwani vyombo vilikuwa bado vingi.