Kishindo cha Saa Tisa

Jambo moja mwanzoni hakuna aliyeweza kulifumbua: kishindo kilitokea jikoni, nyuma ya nyumba, na glasi ikapasuka sebuleni, mbele, ambako hakukuwa na mtu.

Nyumba ilikuwa ya Daktari Walter Anyona, Mosocho. Kila alasiri saa tisa, mvua ilipoanza kupiga mabati, jikoni kulinuka maji ya sabuni, na sakafu ilikuwa kavu.

"Ni paka," mkewe Bosibori alisema mara ya kwanza.

"Hatuna paka."

"Basi ni mgeni. Mpikie chai."

Siku ya tatu hakutania tena. Kitu kizito, chenye mfupa, kilianguka jikoni, na glasi ikapasuka ndani ya kabati la sebuleni lililofungwa.

Wakamwita Maalim Haron kutoka Kisii mjini. Alifukiza ubani sebuleni, akasoma hadi saa tisa. Ndipo harufu ya sabuni ikapanda juu ya ule ubani, ikajaa chumbani kama mvuke wa sufuria, na wote watatu wakasikia nyayo zikiingia jikoni bila haraka, zikateleza, pakawa kimya kifupi cha mtu aliye hewani, kisha kishindo, na mbele yao glasi ya mwisho ikagawanyika mara mbili.

"Daktari," Maalim alinong'ona, "huyu hakuja kudhuru. Anaonyesha. Nani alianguka?"

Anyona aliinamisha uso. Miaka miwili nyuma, Hodan, mshonaji wa Keumbu, aliiambia mahakama kwamba alikuwa amepiga deki jikoni kwa sabuni na mumewe Rashad akateleza, akaanguka chali. Anyona hakuwa bingwa wa kuchunguza maiti. Zamu tu ilimwangukia. Alikuta ufa kisogoni, na ubongo umevia damu mbele, nyuma ya paji. Akaapa kwamba mtu huyo alipigwa mara mbili. Pigo la mbele lilikuwa la mchi uliofungwa kitambaa, maana ngozi haikuchubuka. Hodan akafungwa maisha.

"Kichwa kilichotulia kikipigwa," alisema kwa sauti ya chini, "ubongo huumia zaidi pale pale. Lakini mtu akianguka chali, saruji ikakisimamisha kichwa ghafla, ubongo huweza kuumia upande wa pili. Mbele. Pigo ni moja tu. Nililisoma baadaye. Mwaka jana."

"Mwaka jana?" Bosibori akamgeukia. "Ukanyamaza, Baba Nyabuto?"

"Ningeanzia wapi? Kesi zangu zote zingefufuliwa."

"Huyo mama ana watoto?"

"Wawili."

Jikoni, kitu kikaanguka tena. Haikuwa saa yake.

"Mtoe, Maalim," Anyona alisihi. "Tafadhali."

Maalim alifunga kitabu. "Nikimtoa huyu, yule mama atabaki na shahidi gani?"

Usiku huo daktari aliandika kwa mkono wake kwamba alikosea, na kwa nini. Ikaamuliwa kwamba barua ifike mahakamani kesho yake, kabla ya saa tisa. Asubuhi alivaa koti, akafika kizingitini, akasimama. Saa nne. Saa sita. Bado ameshika kitasa.

Aliyeipeleka ni Bosibori. Aliichukua mkononi mwa mumewe, akapita jikoni penye sakafu kavu, akatoka. Kutoka kizingiti cha jikoni hadi barabarani, kila alipokanyaga, aliacha povu la sabuni.